Sehemu ya Nne: Elezeni Athari

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na tisa.
Mimi ndiye katibu, basi nikaibeba nyumbani
ndani ya mfuko wa unga isije ikalowa,
maana Luanda mvua hainyeshi kwa miadi.

Jina la kikundi: Tugeuze.
Wanachama: ishirini na wawili.
Wawili ni marehemu, lakini bado tunawahesabu.
Toroli la pili alilinunua Asikoye,
na toroli halijaacha kuja kazini.

Mnachakata tani ngapi kwa mwezi?
Tani.
Sisi tunajua toroli.
Tunajua jioni ya siku ya soko: maganda ya ndizi,
mabua ya sukuma, kabichi zilizovuliwa nguo zote,
avokado zilizoiva siku ileile bei ilipoanguka,
nyanya zilizokaliwa njiani na watu waliochoka.
Kageha akanyanyua toroli moja, akafumba macho,
akasema, "Huyu ni mtoto wa darasa la sita na mkoba wake."
Tukazidisha. Tukaandika kumi na moja nukta nne.
Nadhani ni ile nukta nne iliyowapendeza.

Mchango wenu, asilimia kumi ya ruzuku.
Nikaandika: migongo.
Nikafuta.
Nikaandika: nguvukazi.

Ambatisheni hatimiliki ya ardhi.
Tuliambatisha barua ya chifu,
na barua ya kuthibitisha barua ya chifu.

Halafu sehemu ya nne. Elezeni athari
kwa maneno yasiyozidi hamsini.
Nilikaa na swali hilo mpaka taa ikaishiwa mafuta.
Zamani taka zilimwagwa nyuma ya machinjio,
na kila mvua ilizirudisha moja moja
hadi kwenye ngazi za zahanati, kama wagonjwa.
Siku hizi alfajiri lundo letu linafuka
kama sufuria ya mwenye wageni.
Endeveri, mwenye baridi yabisi,
huchomeka vidole humo kabla ya kushika reki.
Anasema hapo ndipo anapoamkia.
Mama mmoja wa Esibila alichukua debe mbili kwa mkopo,
akalipa kwa maboga, akayaleta kichwani,
hakutaka kutuambia ni mangapi yaliyobaki shambani.
Haya yote yangeniponza.
Nikaandika: Udongo umerudi.
Maneno mawili. Arobaini na manane nikaiachia kaunti.

Tukangoja miezi tisa. Lundo halikungoja.
Lundo halisomi barua, halijui akidi ya kamati.
Lilioza kwa ratiba yake, tukalipindua kwa ratiba yake.

Ruzuku ikaingia tarehe ishirini na saba Juni,
na ujumbe nyuma yake: itumike kabla ya thelathini,
la sivyo inarudi ilikotoka.
Hatukuwahi kukimbia hivyo, hata mikutano ilikimbia.
Sisemi hatukushukuru. Mabati ni ya kweli.
Buti ni za kweli: Okwemba, miaka hamsini na sita,
alivaa kwa mara ya kwanza kushoto na kulia vya ndugu mmoja,
akazunguka lundo mara tatu bila sababu.

Lakini mtambo wa kusagia ulichaguliwa na watu wa zabuni.
Wa kijani, mrefu, mdomo kama wa kiboko.
Fundi akauliza, "Umeme wenu ni wa nyaya tatu?"
Sote tukainua macho kwenye nguzo.
Nguzo ilikuwa na waya mmoja na kiota.

Kwa hiyo bado tunakatakata kwa panga.

Leo imekuja fomu nyingine, fupi, ya ufuatiliaji.
Je, mtambo unatumika? Ndiyo au La.
Nimetoka na tochi nihakikishe, kwa kuwa sipendi uongo.
Ndani ya mdomo wa kijani, juu ya mabua makavu,
kuku wa Kageha amelalia mayai tisa,
akanitazama kama ofisa anayesumbuliwa mezani.

Nimetia alama kwenye Ndiyo.
Palikuwa na mstari mmoja wa maelezo.
Nimeandika: Mje baada ya siku ishirini na moja.